ADA YA LESENI: TWATAKA HESABU KWANZA



Iko fedha moja ambayo mfanya kazi wa hospitali huitoa ili apewe ruhusa ya kuifanya kazi yenyewe. Si kodi ya Serikali, wala si mchango wa chama, wala si nauli ya kwenda kazini. Ni ada ya leseni. Nesi huilipa kwa baraza lake, tabibu kwa baraza lake, na mfamasia na fundi wa maabara vivyo hivyo. Asiyelipa hapati leseni, na asiye na leseni haruhusiwi na sheria kumhudumia mgonjwa, hata kama amesoma miaka mingi na ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake.

Kwa sababu hiyo, kila baraza linapotangaza ya kwamba linakusudia kubadilisha ada zake, wanachama hutujia na swali moja: Je, chama kitapinga? Tumeona vema kulijibu swali hili hapa, tena kwa utaratibu, ili kila tawi liujue msimamo wetu kabla tangazo lingine halijabandikwa ukutani.

Jibu letu ni hili. Hatutapinga ada kwa sababu tu ni ada. Tutapinga ada yo yote inayoletwa bila hesabu, inayomtoza mwenye kidogo sawa na mwenye kingi, na inayomwachia mfanya kazi peke yake mzigo ambao ni wa watu wote. Tutaeleza sababu zetu moja moja.

LESENI SI KIPANDE

Wako wenzetu ambao, wakikasirika, husema ya kwamba leseni ni kipande kilichorudi kwa jina jingine. Twaifahamu hasira yao, lakini hatukubaliani nao. Sheria ya kipande ilitungwa katika 1915, ikaanza kutumiwa kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya kwanza, na wazee wetu walikibeba shingoni mpaka kilipoondolewa katika 1947. Kilikuwa na kazi moja: kumfunga Mwafrika kwa tajiri wake, ili asiweze kuondoka kazini bila idhini na akikimbia aweze kukamatwa.

Leseni imewekwa kwa ajili ya mgonjwa. Mama anayeletwa usiku kujifungua hana nafasi ya kuuliza vyeti vya mtu anayempokea mlangoni. Yeye amewekewa daftari, na baraza linalolitunza daftari hilo lasema kwa niaba yake: huyu amesoma, huyu amefaulu mtihani, huyu hajaharibu. Daftari hilo latulinda na sisi pia. Pasipo daftari, mwenye hospitali ya kibinafsi angeweza kumvalisha mtu ye yote nguo nyeupe, akamlipa nusu ya mshahara wetu, na sisi tukafukuzwa.

Basi baraza lenye nguvu ni faida yetu. Tena si vibaya baraza lipate sehemu ya fedha zake kutoka kwetu. Baraza linalongoja kila senti kutoka Serikalini litaogopa kusema ya kwamba hospitali ya Serikali haina manesi wa kutosha au haina glavu. Mtu asiyeomba chakula kwa jirani anaweza kumwambia jirani ukweli.

Lakini hapo ndipo maneno yetu yanapoanza. Sokoni, muuza nyanya akipandisha bei, mnunuzi huenda kwa muuzaji wa pili. Baraza la leseni halina muuzaji wa pili. Liko moja, na sheria yakulazimisha uende kwake. Fedha unayoitoa kwa kulazimishwa na sheria haiwezi kuitwa bei. Kwa asili yake ni kodi inayokaa juu ya kazi yako. Na katika nchi yetu kodi haitozwi kwa matakwa ya afisi.

Katiba ya Kenya ya 2010 yasema hivyo waziwazi. Kifungu cha 210 chaiweka ada ya leseni bega kwa bega na kodi: hakuna moja katika hizo mbili inayoweza kutozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa kufuata sheria. Wanachama wayashike maneno hayo. Waliotunga Katiba walijua ya kwamba afisi inayotoa leseni inaweza kumkamua mtu kama vile mtoza kodi anavyoweza, na kwa hiyo wakawafunga wote wawili kwa kamba moja.

MANESI WA UINGEREZA WALIYAPITIA HAYA

Twaomba sasa wanachama watazame jambo lililotokea mbali na kwetu. Twalichagua kwa sababu mbili. Kwanza, lilifanyika hadharani, na hesabu zake zilitolewa kwa watu wote. Pili, linawahusu Wakenya. Katika Julai 2021 Serikali ya Kenya na ile ya Uingereza zilitia sahihi mapatano juu ya wafanya kazi wa afya kwenda kufanya kazi huko. Nesi wa Kenya anayekwenda Uingereza hawezi kufanya kazi ya unesi mpaka jina lake limeandikwa katika daftari la Baraza la Manesi na Wakunga la nchi ile, na hawezi kubaki katika daftari hilo bila kulipa ada.

Baraza hilo lilianza kazi katika 2002. Mwanzoni mwa 2012 ada ilikuwa pauni 76 kwa mwaka. Mwaka huo huo Baraza likatoa shauri ya kwamba ada ipandishwe mpaka pauni 120, yaani nyongeza ya pauni 44 kwa mara moja. Vyama vya manesi, wakunga na wafanya kazi vikapinga. Mwisho wake Serikali ya Uingereza ikatoa ruzuku ya pauni milioni 20, na ada ikawekwa pauni 100 kuanzia Februari 2013.

Watu wakadhani mambo yamekwisha. Hayakwisha. Katika 2014 Baraza likarudi na shauri lile lile la pauni 120. Tarehe 1 Oktoba 2014 likakata neno, na kuanzia Machi 2015 ada mpya ikaanza kutozwa. Katika muda wa miaka miwili na mwezi mmoja, ada ilikuwa imepanda kutoka 76 mpaka 120. Ni nyongeza ya pauni 58 katika kila pauni mia.

Sasa tazameni mshahara katika miaka ile ile. Serikali ilikuwa imezuia mishahara ya wafanya kazi wengi wa hospitali zake isipande kwa miaka miwili tangu 2011, kisha ikaongeza moja tu katika mia. Katika 2014 nyongeza hiyo ndogo nayo wengi katika England walinyimwa. Tarehe 13 Oktoba 2014, siku kumi na mbili baada ya Baraza kupandisha ada, manesi na wafanya kazi wengine waliacha kazi kwa saa nne. Wakunga nao walikuwamo, na chama chao kilikuwa hakijagoma hata mara moja katika miaka yake 133. Watu wapole wa namna hiyo hawatoki nje na mabango bure. Mshahara ulikuwa umesimama, na ada ilikuwa inakimbia.

Zaidi ya watu 113,000 walitia majina yao katika ombi la kutaka ada iangaliwe upya. Bunge likalijadili jambo hilo tarehe 23 Machi 2015. Lakini mwezi huo ndio ada mpya ilioanza kukatwa. Wabunge wakasema maneno mengi mazuri juu ya manesi, na ada ikabaki pale pale.

FEDHA ZILIKWENDA WAPI?

Hapa ndipo penye fundisho kubwa kuliko yote. Baraza lile halikuwa likila fedha kwa siri. Lilifungua daftari lake, na kila mtu akaona. Sehemu kubwa kabisa ya ada ilikuwa inakwenda katika kazi moja tu: kusikiliza mashitaka juu ya manesi na wakunga. Na walioshitakiwa kwa mwaka walikuwa chini ya mmoja katika kila mia ya walioandikwa katika daftari.

Kwa nini kesi za watu wachache zigharimu fedha nyingi hivyo? Sababu ya kwanza ilikuwa kuongezeka kwa mashitaka, hasa baada ya uchunguzi juu ya hospitali ya Stafford, ambako wagonjwa waliachwa wateseke. Ripoti ya uchunguzi huo ilitoka Februari 2013, na watu wengi wakapata moyo wa kushitaki. Hilo si kosa, maana mgonjwa ana haki ya kulalamika.

Sababu ya pili ilikuwa sheria yenyewe. Sheria ya Baraza ilikuwa imepitwa na wakati. Iliwalazimisha kupeleka kesi nyingi katika kikao kamili, pamoja na mawakili, mashahidi, wajumbe na kumbi za kukodi, hata pale ambapo jambo lingeweza kumalizwa kwa mazungumzo. Watu wote walilijua hilo. Tume za kurekebisha sheria za nchi ile zilitoa ripoti Aprili 2014 pamoja na muswada ulio tayari. Lakini Serikali ilipotangaza shughuli za Bunge mwezi wa Juni, muswada ule haukuwamo.

Basi fikirini, ndugu. Sheria mbovu ilikuwa ya Serikali, na gharama ya sheria hiyo mbovu ikapelekwa kwa nesi. Waliokuwa katika daftari walikuwa zaidi ya laki sita. Kila pauni 20 iliyoongezwa ilileta zaidi ya pauni milioni 12 kwa mwaka. Ilikuwa rahisi kuandika barua laki sita za kudai fedha kuliko kuipeleka sheria moja Bungeni.

Hiyo ndiyo sababu twadai hesabu kwanza. Hesabu yaweza kuonyesha ya kwamba baraza halina kosa, na ya kwamba fedha zinavuja mahali pengine. Mtu asiyeiona hesabu humlaumu karani aliye mbele yake. Aliyeiona humjua anayestahili kuulizwa.

UPANDE WA PILI WA HABARI HIYO

Hatutaki kuwadanganya wanachama kwa kuwapa nusu ya habari. Baada ya 2015 ada ya manesi wa Uingereza ilikaa pauni 120 kwa miaka kumi nzima, na vitu vyote vingine vilipanda bei. Je, manesi walipata raha? Katika Julai 2024 ilitolewa ripoti ya uchunguzi huru juu ya Baraza lile. Ilieleza uonevu na ubaguzi wa rangi miongoni mwa wafanya kazi wa Baraza lenyewe, na kesi zilizokaa muda mrefu bila kukatwa.

Nesi aliyeshitakiwa na kesi yake ikalala miaka amekwisha adhibiwa kabla hajahukumiwa. Halali usingizi, hapandishwi cheo, na mara nyingine hana kazi. Ada ndogo haimsaidii mtu huyo ikiwa hakuna wa kulifungua faili lake. Lakini ada kubwa nayo haitamsaidia ikiwa afisi imeoza. Kwa hiyo maneno ya kwamba "ada ikipanda kazi itakuwa nzuri" si kweli peke yake, na maneno ya kwamba "ada isipande kamwe" si kweli vile vile. Ukweli umo katika hesabu na katika kazi inayoonekana.

Liko jambo jingine. Nesi wa Uingereza anayefanya kazi siku mbili kwa juma hulipa ada ile ile ya anayefanya siku tano. Lakini madaktari wa nchi hiyo hiyo, walio na baraza lao, hupunguziwa nusu ikiwa kipato chao cha mwaka hakifiki kiwango kilichowekwa. Tena katika 2012, mwaka ambao manesi waliambiwa ada yao lazima ipande, baraza la madaktari lilishusha ada yake kutoka pauni 420 mpaka 390. Basi mtu asituambie ya kwamba ada haiwezi kushushwa, au ya kwamba haiwezekani kumtofautisha mwenye kingi na mwenye kidogo. Imekwisha fanyika.

NA HAPA KENYA?

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa pili. Katika Septemba 2021 Tume ya Kuajiri Walimu ilianzisha mpango wa mafunzo kwa walimu walio kazini. Sheria ya Tume ya 2012 inawataka walimu waendelee kujifunza na kuwa na cheti cha kufundishia, na hakuna mwalimu wa kweli anayekataa kujifunza. Kilichowashtua walimu kilikuwa ada. Mafunzo yaligawanywa katika sehemu sita, kila sehemu miaka mitano, na mwalimu alitakiwa kulipa ada isiyozidi Sh. 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake.

Zidisheni wenyewe. Miaka mitano mara sita ni miaka 30. Sh. 6,000 mara 30 ni Sh. 180,000. Mwalimu anaanza kulipa akiwa kijana, na anamaliza akikaribia kustaafu.

Tena mkumbuke ya kwamba Tume hiyo ina kofia mbili. Katiba, katika kifungu cha 237, imeipa kazi ya kuwaandika walimu katika daftari na pia kazi ya kuwaajiri. Tajiri huyo huyo anayetaka mafunzo ndiye anayeshika daftari, na mwenye kulipa gharama ni yule aliyeajiriwa. Walimu wa zamani walipounda chama chao katika 1957, dai lao kubwa lilikuwa kuwa na mwajiri mmoja kwa walimu wote. Walilipata dai hilo kwa kuundwa kwa Tume katika 1967. Hawakudai ya kwamba mwajiri huyo awatoze fedha ili waendelee kumfanyia kazi.

Mfano huo watufundisha kutazama kitu kimoja zaidi. Ada si ile tu iliyoandikwa "ada". Baraza laweza kuiacha ada ya leseni pale pale, kisha likaongeza masharti ya mafunzo, semina na mitihani ambayo kila moja ina malipo yake. Mwanachama akiletewa tangazo, na ajumlishe yote. Aulize: ili niwe na leseni mkononi mwisho wa mwaka, shilingi ngapi zitakuwa zimenitoka?

KARATASI YA MSHAHARA HAINA NAFASI KUBWA

Afisi inayopanga ada hupenda kusema: ni fedha kidogo tu, ni chai ya siku chache. Lakini kila afisi husema hivyo hivyo, na karatasi ya mshahara ni moja. Twaanza na kodi ya mapato na akiba ya uzeeni. Tangu Oktoba 2024 kuna mchango wa bima ya afya wa Sh. 2.75 katika kila mia ya mshahara wote. Kuna ushuru wa nyumba wa Sh. 1.50 katika kila mia. Mtu wa mshahara wa Sh. 40,000 hutoa Sh. 1,100 kwa bima hiyo na Sh. 600 kwa nyumba. Hizo mbili peke yake ni Sh. 1,700 kila mwezi, kabla hajalipa pango, karo na unga.

Nao waliobaki nje ya karatasi ya mshahara ni wabaya zaidi. Wako manesi na matabibu waliofaulu mitihani na hawajaandikwa kazi. Wakiacha leseni ife, siku kazi ikitangazwa hawataweza kuomba. Kwa hiyo wanalipa kwa fedha za wazazi, au kwa fedha za kibarua, ili wabaki na haki ya kutafuta kazi. Wako walioandikwa kwa mkataba, ambao hawajui mkataba utakwisha lini. Wako akina mama walio likizo ya uzazi. Na tusisahau ya kwamba manesi wa Kenya walipogoma katika 2017, tangu tarehe 5 Juni mpaka Novemba, mahitaji ya nyumbani hayakugoma pamoja nao. Tarehe ya leseni haimngoji mtu apate mshahara.

Twasema ya kwamba ada moja kwa wote yaonekana kuwa haki, lakini si haki. Mkimpimia mtu mzima na mtoto mzigo wa uzito mmoja, mmewatendea sawa kwa mizani tu.

TUNAYOTAKA

Kwa hiyo, baraza lo lote linaposhauri kubadilisha ada za wanachama wetu, chama kitasimama juu ya mambo haya matano.

La kwanza, hesabu. Tupewe hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu iliyopita: zimekusanywa shilingi ngapi, kutoka kwa watu wangapi, zimetumika wapi, na akiba ni kiasi gani. Kifungu cha 35 cha Katiba chatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali na vyombo vyake, na Sheria ya 2016 yaonyesha njia ya kuziomba. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

La pili, ada ifuate kipato. Asiye na kazi, aliye likizo ya uzazi, anayefanya kazi nusu ya muda na aliyetoka chuoni juzi wasilipe sawa na mwenye mshahara kamili.

La tatu, mwajiri achukue sehemu yake. Hospitali ndiyo inayopata faida ya kuwa na watu wenye leseni. Bila hao haiwezi kufungua mlango. Kifungu cha 41 cha Katiba chakipa chama haki ya kufanya mapatano na waajiri. Twataka kurudishiwa ada ya leseni kuwe jambo la mapatano, kama vile nguo za kazi na marupurupu ya hatari.

La nne, malipo yagawanywe na jina lisifutwe ghafula. Manesi wa Uingereza sasa wanaweza kulipa kwa mafungu manne katika mwaka. Hapana sababu ya kumkata mtu fedha zote katika mwezi wa karo. Na aliyechelewa apewe ilani na muda, maana kufuta jina ni kuondoa mkate wa nyumba nzima.

La tano, sheria ifuatwe mpaka mwisho. Sheria ya mwaka 2013 juu ya kanuni zinazotungwa chini ya sheria za Bunge inamtaka mwenye kutunga kanuni ashauriane na wale watakaoguswa nazo. Kanuni zikiisha kutangazwa katika gazeti rasmi, lazima zipelekwe Bungeni katika siku saba za vikao, na zisipopelekwa zinakuwa hazina nguvu. Makatibu wa matawi wazihesabu siku hizo wenyewe. Wasingoje kuhesabiwa.

NA SISI TUNA WAJIBU

Tukidai hayo kwa wengine, hatuwezi kujiepusha nayo. Chama hiki nacho hukata mchango katika mishahara yenu. Iko tofauti: mchango wetu mnaupanga ninyi wenyewe mkutanoni, na mwenye kutaka kutoka katika chama haachi kazi yake. Hata hivyo kipimo ni kile kile. Mweka hazina wa tawi asiyesoma hesabu mbele ya wanachama hana kinywa cha kulidai baraza hesabu. Twawaagiza matawi yote yasome hesabu zao mkutanoni, shilingi kwa shilingi, na kila mwanachama ana haki ya kuuliza.

Jambo la mwisho ni kuhudhuria. Baraza linapoita watu watoe maoni, mara nyingi viti huwa vitupu. Kisha ada inapotangazwa, makelele hujaa katika wodi na katika vyumba vya chai. Manesi wa Uingereza walikusanya majina zaidi ya 113,000, lakini Bunge lilipofungua kinywa, fedha zilikuwa zimekwisha anza kukatwa. Neno linalosemwa kabla ya kukatwa shauri lina uzito wa maneno mia yanayosemwa baadaye.

Basi kila tawi na lichague watu wawili: mmoja ajuaye kusoma hesabu, na mmoja ajuaye kusema mbele ya watu. Tangazo la ada likitoka, wawili hao waliandike, walijumlishe, waligawanye kwa mshahara wa mwenzetu wa chini kabisa katika tawi, na walete karatasi hiyo afisini kwetu kabla siku ya maoni haijafika. Hatutakwenda katika kikao kutukana mtu. Tutakwenda na karatasi zenye tarakimu, na tutaomba zijibiwe kwa tarakimu.

Leseni ni yetu na ni ya mgonjwa. Tutailinda, na tutailipia kwa kadiri ya haki. Lakini mwenye kututoza na atuonyeshe daftari kwanza.

Umoja ni nguvu.